Sahani za Kambi Namba Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Sahani kumi na tisa leo. Mchanga, majivu, maji, kitambaa, halafu mchanga tena. Vidole vinawaka moto. Joris anataka kutu ibaki ila udongo utoke. Nikamuuliza mpaka wa kutu na udongo uko wapi. Akacheka, akasema mkono utaujua wenyewe. Mkono ni wangu, ndiyo maana kwake ni rahisi kusema.

Yeye ngazini tangu asubuhi, anapima upepo kwa kipande cha utepe. Wiki ya tatu hii tangu waniunganishe naye. Ametoka Ulaya kwa ukaazi wa wasanii wa miezi miwili. Kwenye karatasi naitwa msanii mwenza. Juani naitwa Stella lete maji.

Kazi yenyewe ni nzuri, na hilo linaniudhi zaidi. Sahani, bakuli na vikombe vya bati arobaini na moja, vining'inizwe kwa kamba za katani ndani ya banda la zamani la korona, ile mashine iliyokuwa ikikwangua majani ya mkonge. Mashine ilishauzwa chakavu, paa lilishaezuliwa. Upepo wa kusi ukipuliza, bati zinagongana. Joris anasema kitu cha namna hii hakitundikwi sebuleni, kinajengwa hapa, kwa vitu vya hapa, na hapa tu ndipo kina maana. Mwisho wa mwezi kitafungwa kwenye makasha kiende kwao. Sijui maana itafungwa kwenye kasha lipi.

Jumanne, 5 Agosti

Maandishi ya ukutani yamefika kutoka kwa mpiga chapa. Lugha mbili. Jina lake kubwa, langu dogo, sawa. Aya ya pili inanitaja. "Kwa maelezo ya msanii mwenyeji, matundu yaliyo katikati ya vyombo hivi yalitobolewa na wafanyakazi ili kuchujia mboga na kuoteshea mbegu."

Maneno yangu kabisa. Niliyasema siku ile tulipoviokota kichakani nyuma ya Kambi Namba Nne, penye jalala. Joris aliuliza mbona vyote vimetobolewa. Nikajibu papo hapo bila kupepesa macho.

Ukweli ni kwamba sikujua. Sijalala kambini hata siku moja. Babu mzaa mama ndiye aliyekuwa manamba, aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, akafia hukohuko Kambi Namba Nne, njia ya Maramba. Mimi ni mtoto wa Makorora, mjini, mtoto wa lami. Ila ukishaitwa mwenyeji, kusema sijui ni aibu. Nikatunga. Na mimi ndiye niliyempeleka Joris kambini, kwa kujisifu, babu yangu hivi, babu yangu vile.

Ikiwa imechapwa inasomeka vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekasirika.

Mama wawili wa kambini huanika mahindi sakafuni mwa banda. Saruji safi, haina kokoto. Joris amesema mahindi yanaharibu utupu. Anataka utupu. Akampigia simu Bwana Karim, mratibu wetu, yule ambaye familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi mjini tangu enzi za babu zao. Bwana Karim akaja na sauti yake ya asali. Mama zangu, siku chache tu, mama zangu, msitie shaka. Hakuna aliyekataa. Wakakunja mikeka. Mimi nilishika ncha moja ya mkeka na kusaidia kubeba. Saa tisa mbuzi walikuwa wamekula robo ya mahindi kando ya barabara.

Utupu. Watu wamekaa hapa miaka sitini, wanakuja kupisha utupu.

Joris anawaamkia watoto wa kambini shikamoo. Watoto wanaitikia marahaba kwa sauti nzito, kisha wanaanguka vicheko. Sijamsahihisha na sitamsahihisha. Ndiyo furaha yangu pekee wiki hii.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilimwonyesha Mama picha kwenye simu. Nilitaka anisifu. Alikuwa anachambua mchicha. Akaangalia ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilipigwa kwa karibu: sahani nyeupe, ukingo wa buluu, tundu katikati. Akaweka kisu chini.

"Mmezitoa wapi hizi?"

Nikamwambia. Nyuma ya Kambi Namba Nne. Jalalani.

"Pale si jalala."

Akaegemea ukuta, akafumba macho. Nilidhani presha imepanda. Kisha akanieleza, macho yake kwenye mchicha, hakuniangalia hata mara moja.

Mtu akifa kambini, sahani aliyolia na kikombe alichonywea havirudi ndani. Vinatobolewa kwa msumari palepale kaburini ili mtu asije akavitumia tena, kisha vinawekwa kichwani juu ya udongo. Misalaba ya miti huliwa na mchwa. Bati linabaki. Ndiyo alama ya mtu. Wengine walikuwa na sahani tu, kikombe hawakuwa nacho. Desturi hiyo walikuja nayo watu wa kusini, na wengine wote wa kambi wakaifuata, maana walikufa pamoja.

Babu alipozikwa Mama alikuwa na miaka tisa. Anakumbuka bibi akigonga msumari kwa jiwe, na jiwe likateleza likampiga kidole. Hakumbuki kama ilikuwa sahani au bakuli. Hakumbuki rangi. Mwezi uleule wakahamia mjini, hawakurudi tena.

Basi nimeokota alama za makaburi. Nimezisugua kwa mchanga na majivu mpaka udongo wote ukatoka. Mojawapo ni ya babu yangu.

Nimejichukia. Halafu nikamchukia Mama, miaka yote hii hakunipeleka hata mara moja, hakunieleza. Halafu nikarudi kujichukia. Mchicha tumeula ukiwa umepoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Sikusema.

Sababu naiandika hapa kwa kuwa hakuna wa kuisoma. Ijumaa Joris alinidokeza kuhusu barua ya mwaliko. Kazi ikienda kwao, na mimi niende nayo kuitundika upya. Nina miaka thelathini na minne, sijapanda ndege. Hiyo ndiyo sababu. Hakuna nyingine.

Jumanne, 12 Agosti

Sikusema tena. Nimetundika sita. Kila nikifunga kamba nauliza kimoyomoyo, ni wewe? Upuuzi. Zimejibu kwa upepo tu.

Mama hasemi nami. Ananiwekea chakula na kwenda chumbani.

Jumatano, 13 Agosti

Nimesema.

Nilimwambia Joris ashuke ngazini kwanza. Nikaeleza yote, makaburi, msumari, babu, na kwamba habari ya mboga na mbegu niliitunga mwenyewe. Nilitegemea akasirike. Akasirike anifukuze, tushushe vyombo, basi.

Akakaa sakafuni. Macho yakamjaa machozi. Machozi ya kweli, simsingizii. Akanishika mkono akasema asante. Kisha akaniomba nieleze tena tangu mwanzo, na akawasha kinasa sauti.

Kinasa sauti!

Akauliza bibi alitumia jiwe la ukubwa gani. Akauliza kama Mama yangu angekubali kugonga msumari kwenye bati wakati yeye anarekodi mlio. Nikasimama nikatoka nje, nikatembea hadi barabarani na kurudi, nikatembea tena. Nilidhani ukweli utaivunja kazi yake. Kumbe nimemwongezea chumvi kwenye mchuzi. Jana zilikuwa bati zenye kutu. Leo ni hazina.

Kuhusu kuzirudisha alisema, tena kwa upole, kwamba lazima tufikirie njia ya heshima. Ataomba ruhusa ya jamii. Neno hilo, jamii. Analitamka vizuri kuliko shikamoo.

Alhamisi, 14 Agosti

Kwa Bwana Karim, ofisini, Raskazone. Aliniagizia chai na kashata. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kakiinamisha. Kisha:

"Dada Stella, kadi zimeshasambazwa. Mgeni rasmi ameshathibitisha. Tumalize ufunguzi kwa salama, halafu, inshallah, tutaliangalia."

Nikamwambia makaburi ya kwao yana ukuta, lango na mlinzi. Aanze kung'oa kule, amtundikie mgeni rasmi.

Uso ukambadilika. Kikombe chake kikagonga kisahani. Nimevuka mpaka, najua, mtu amenikaribisha chai nami namtukania wafu wake. Nimerudi nyumbani kwa miguu na sijutii. Kidogo tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Joris amekwenda kuomba ruhusa. Amechukua kilo tano za sukari na doti ya kanga, Bwana Karim kamshauri. Mimi mkalimani.

Tulikwenda kwa Bibi Anastazia, Bibi Nasta, mwenyekiti wa kina mama wa kigango, kanisa dogo la pale kambini. Ndiye aliyebaki katika wale waliozaliwa kambini. Tulipookota vyombo hakuwapo, alikuwa Maramba akimuuguza binti yake. Alikuwa ndiyo katoka kanisani, bado na viatu vya sikukuu, amekasirika kwa sababu padri kachelewa na kuku hajachinjwa. Wengine watano wakaja wakakaa. Shikamoo zikapita. Wakapokea sukari. Wakapokea kanga, wakasoma maandishi yake, wakaikunja. Joris akaongea robo saa, nami nikatafsiri robo saa. Kumbukumbu. Heshima. Dunia isikie.

Bibi Nasta akasema, "Tumesikia, baba. Tutakaa tuongee. Karibu tena." Akamwongezea na embe lililokaushwa, la msimu uliopita.

Joris akatoka anaelea. Wamekubali!

Nilimweleza garini, taratibu, kama namfundisha mtoto. Huku mgeni hakatazwi usoni. Zawadi haikataliwi, kuikataa ni tusi. Tutakaa tuongee maana yake hapana, na wewe uwe na akili ya kujiondoa mwenyewe kabla hujaaibishwa. Mtoto wa miaka kumi analijua hilo. Akanisikiliza. Akasema labda ninaona hivyo kwa sababu nina uchungu wa babu.

Sijawahi kutamani kumpiga mtu mzima kibao kama leo.

Jumatatu, 18 Agosti

Maandishi mapya yamechapwa. Jina la kazi limebadilika: Chakula cha Mwisho cha Manamba. Msumari umo. Jiwe limo. Kidole cha bibi yangu kilichopigwa kimo, kwa lugha mbili. Sikumpa ruhusa. Nilimwambia tu.

Habari ya mboga imetolewa. Jina langu limebaki na limekuzwa. Eti mjukuu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda kambini peke yangu, kwa bodaboda. Nilikwenda kuomba radhi. Nilijipanga maneno njia nzima.

Sikupewa nafasi ya kuyasema. Bibi Nasta alikuwa anatwanga, akaendelea kutwanga. Kati ya pigo na pigo akanitoa kasoro zote, kuanzia suruali niliyovaa. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia, mtoto wa Roza, Roza wa Kosmas Haule. Mchi ukasimama.

"Kosmas wa kwaya?"

Sikujua kama babu aliimba kwaya.

"Mgeni ni kipofu, ingawa ana macho," akasema. "Huyo mzungu simlaumu. Tena mpole, masikini. Wewe je? Wewe nani kakutoboa macho?"

Nililia pale mbele ya kinu, mtu mzima. Hakunibembeleza. Aliniachia nilie, akaniletea ungo nipepete. Nikapepeta vibaya, akaninyang'anya.

Baadaye akauliza maswali. Ufunguzi ni siku gani. Saa ngapi. Viti vingapi. Vile vyombo vya chini kabisa mtu akisimama anavifikia? Na vya juu? Nikajibu. Hakusema kwa nini anauliza, nami sikumdadisi. Aliniambia nimwambie mama yangu aje siku hiyo, na akija kambini asije mikono mitupu.

Ijumaa, 22 Agosti

Viti vimefika. Turubai limefika. Spika zimefika, za kukuzia mlio wa bati, kama vile upepo hautoshi. Nimefunga kamba za mwisho. Joris kanikumbatia. Nilisimama kama mti.

Nimemwambia Mama ujumbe wa Bibi Nasta. Leo ndiyo siku ya kwanza kuongea nami sawasawa. Aliuliza tu gari linaondoka saa ngapi.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika yote kabla hayajanichanganya.

Wageni sitini hivi. Wa Dar, wa ubalozini, afisa utamaduni, wapiga picha. Mgeni rasmi akakata utepe, mkasi ukarudishwa kwenye sinia lenye kitambaa cha satini. Makofi. Watu wakaingia bandani, wakaanza kutembea chini ya sahani wakiangalia juu, vinywa wazi. Upepo ulikuwapo. Mlio ulikuwa mzuri. Niseme ukweli, ulikuwa mzuri sana, na Mama alikuwa amesimama mlangoni amefunga masikio kwa viganja.

Kisha wakaingia. Kina mama kumi na mmoja, sare ya kigango, kanga kiunoni, Bibi Nasta mbele na beseni la plastiki kichwani. Wanaimba wimbo wa kuzikia, sauti ya chini, bila kukazana. Wageni wakawapisha. Simu zikainuka zote.

Bibi Nasta akatua beseni. Akanyoosha mkono akashika kikombe cha chini kabisa, akavuta. Hakikutoka. Akavuta tena. Fundo ni langu, nilifunga ili lisifunguke hata kwa tufani. Akina mama wengine nao wanavuta, bati zinalia, hakuna kinachotoka. Wanaimba palepale, hawaachi.

Akanitazama. Hakuniita. Alinitazama tu.

Nilichukua ule mkasi kwenye sinia. Mtu akasema samahani dada. Nikaburuta ngazi, nikapanda, nikakata. Cha kwanza, cha pili. Nawashushia, wanapokea kwa mikono miwili, wanafuta kwa ncha ya kanga, wanaweka kwenye beseni. Mama alifika chini ya ngazi akaishikilia isiyumbe. Sikumwona akija. Vyote arobaini na moja. Mkasi wa utepe haukati katani, unaitafuna. Kiganja kimechubuka chote.

Na wageni wakapiga makofi.

Walipiga makofi! Kamba zinaning'inia tupu, kina mama wanatoka na beseni wamelibeba wawili, na ukumbi mzima umesimama unapiga makofi, mama mmoja wa Dar anafuta machozi, anasema nguvu, nguvu. Walidhani ni onyesho. Walidhani tumefanya mazoezi.

Joris alikuwa amepiga magoti anarekodi, uso umemng'aa. Dakika kumi baadaye alinifuata nyuma ya banda. Alikuwa bado anahema.

"Wanazirudisha saa ngapi?"

"Hawarudishi."

Alinitazama akitafuta utani usoni mwangu. Hakuupata. Nikamwacha pale.

Jumapili, 24 Agosti

Nimelala kwa saa tatu tu. Hasira imeamka kabla yangu.

Nilifikiri tukivishusha nitapoa. Sijapoa. Ni makofi yale. Unaweza kuja kuchukua mali ya wafu wako mbele ya macho ya watu, mchana kweupe, na bado wakakuhesabu burudani. Ufanye nini basi ili uonekane? Upige ukunga? Wangesema sauti nzuri.

Bwana Karim kanipigia mara mbili. Sijapokea.

Jumatano, 27 Agosti

Joris kaondoka. Makasha yameondoka na kamba, bango, na picha. Amekuja kuniaga, hakunikasirikia. Angenikasirikia tungekuwa sawa. Alisema alikosea kuhusu siku ile ya sukari. Alisema hivyo mbele ya Bwana Karim, bila kujitetea, na nilimheshimu kwa muda wa dakika nzima. Kisha akaniambia filamu ya Jumamosi ndiyo itakayoonyeshwa kule, ikionyesha wanawake wakiingia na banda likibaki tupu. Kwamba kazi imekamilika kwa namna ambayo yeye peke yake asingeiweza.

Nikamwambia aifute. Akasema atafikiria. Yaani naye sasa kajifunza.

Akaniachia bahasha. Barua ya mwaliko, jina langu limeandikwa sawasawa, mhuri upo. Nimeisoma chooni, nimefunga mlango. Jioni nimemwandikia hapana. Nimejuta dakika kumi, nikapiga deki nyumba nzima, nikajuta tena.

Jumamosi, 30 Agosti

Tulifika kambini asubuhi, Mama na mfuko wa mchele. Kina mama walikuwa wameshafyeka wiki nzima. Bila kichaka pale mahali panaonekana palivyo, matuta kwa safu, mengine yamebonyea, mengine yamebaki alama ya mawe tu. Pamoja na ya watoto, mafupi. Mawili matatu nilikumbuka kuyakanyaga.

Bwana Karim alikuja na pikapu yake mwenyewe, kaleta saruji na makoleo kutoka dukani. Alivua kofia, akatusalimia, akakaa kando. Nilimpelekea maji. Tuliongelea barabara.

Hakuna ajuaye chombo kipi ni cha kaburi lipi. Siku ile tulivirundika kwenye viroba. Sikuandika popote. Mama aliamini atakijua chombo cha baba yake akikishika. Alikaa kwenye mkeka akageuza kimoja kimoja, vyote. Kisha akaanza upya. Safari ya pili alikwenda polepole zaidi. Alipomaliza aliviweka chini akasema hapana, hakijui.

Kina mama wakabishana kidogo. Mmoja alitaka vyote vifukiwe shimo moja. Mwingine alitaka padri. Bibi Nasta akasema viwekwe popote. "Walilala chumba kimoja watu kumi. Kubadilishana sahani haitawashinda."

Tukaviweka. Matuta yalizidi vyombo, mengine yamebaki wazi. Mama alichukua bakuli la kijani, akaliweka kwenye tuta karibu na ukingo, mahali alipodhani ndipo. Akakaa hapo. Mimi nilikaa nyuma yake. Wimbo aliuimba Bibi Nasta, sauti ya pili aliishika Mama, sikujua kama anaijua.

Njiani kurudi tukapita Pongwe. Mama akasema, akiangalia nje:

"Sahani yangu utaitoboa wewe. Usimwachie mtu."

Nikasema ndiyo, Mama.

Tumekula wali na samaki. Nimeosha vyombo mimi. Sahani yake ni ile ya bati yenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni upande mmoja, padogo, panatosha kidole gumba. Miaka yote namwona akila humo. Leo ndiyo nimepaona. Nimeikausha, nimeirudisha kabatini.